Pazia Jekundu

Bendera niliyoingia nayo Uwanja wa Taifa siku ya fainali ilikuwa pazia la chumbani kwetu. Mke wangu alilishusha asubuhi, akafumua pindo la pembeni ili nipitishe mti wa fagio, akanipa. Dirisha likabaki wazi, na jua la Novemba la Keko likaingia moja kwa moja hadi kwenye mkeka alikolala mtoto. Nikamwambia, "Litarudi na kombe." Yeye akauliza jambo jingine: "Na kikao cha mafao ni saa ngapi?"

Sikumjibu. Nilitoka.

Imepita miaka zaidi ya 30. Watu wa rika langu tukikutana msibani au harusini, nusu saa haipiti kabla mtu hajaitaja ile fainali ya Simba na Stella ya Abidjan. Kila mmoja anajua alikaa wapi, alivaa nini, alirudi na nani. Mimi pia najua. Lakini ninapoikumbuka siku ile, swali la mke wangu hunijia kabla ya mabao, na kwa kuwa yeye ameshatangulia mbele ya haki, naona ni wajibu wangu kulijibu sasa, japo kwa maandishi.

Mwaka ule wa 1993 mji ulijaa mazungumzo ya siasa kwa namna ambayo sisi tuliokulia chini ya chama kimoja hatukuizoea. Tume ya Jaji Nyalali ilikuwa imezunguka nchi, ikakuta karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kibaki, na bado ikashauri vije vingi. Sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Kijiweni kwetu, penye muuza kahawa, gazeti lilisomwa kwa sauti, mmoja anasoma na kumi wanasikiliza. Kulikuwa na habari ya Zanzibar kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, kisha kujitoa mwezi Agosti. Mwezi huohuo wabunge wa lile kundi la G55 wakadai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Watu wazima waligombana hadi kuhamiana mabenchi. Mimi niliyasikiliza yote kwa uchungu, maana katika maneno yote hayo sikuwahi kusikia mkubwa hata mmoja akikitaja kiwanda kama chetu.

Nilikuwa fundi umeme katika kiwanda kimoja cha umma. Jina lake halina haja hapa, viwanda vya namna ile vilikuwa vingi na hadithi yao ni moja. Mashine zilikuja mpya miaka ya 70, vipuri vikaadimika miaka ya 80, tukawa tunaua mashine moja ili kuifufua nyingine. Serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 tukaanza kusikia neno "marekebisho". Lilikuwa neno la redioni, la mbali. Mwaka 1993 likafika neno la karibu zaidi: kupunguzwa. Barua yangu niliipokea getini, mkononi mwa mlinzi ambaye naye alikuwa na ya kwake mfukoni. Ilikuwa na mistari minne. Mstari wa tatu ulisema mafao yangu yatalipwa taratibu zitakapokamilika. Nilipokwenda uwanjani na pazia langu, ilikuwa imepita miezi saba tangu barua ile, na taratibu zilikuwa bado.

Kiwanda kile kilikuwa na timu. Ilicheza ligi ya wilaya tu, lakini ilikuwa timu, na mimi ndiye niliyetunza jezi: seti mbili, moja ya bluu na moja nyeupe, ndani ya sanduku la bati lililokuwa na kufuli. Jioni baada ya kengele, wapiga chapa na madereva walicheza na wahasibu, na meneja alisimama pembeni ya mstari amekunja mikono ya shati. Timu ilikufa wiki moja na ajira zetu. Na haikuwa yetu peke yake. Ukitaka kujua mashirika ya umma yaliifanyia nini soka ya nchi hii, zikumbuke timu zenyewe: Reli ya Morogoro, RTC Kagera, Ushirika ya Moshi, Bandari ya Mtwara. Ukisoma jina tu unajua nani alilipa nauli. Timu hizo zilizitoa jasho Simba na Yanga, na kijana wa mkoani alijua kwamba akicheza vizuri atapata namba na pia atapata kazi ya kuandikishwa. Shirika lilipokonda, timu ilikonda nalo. Lilipouzwa au kufungwa, timu ilibaki jina. Kwa hiyo mtu aliponiambia nisichanganye siasa na mpira, na walikuwa wengi, nilishindwa kumwelewa. Kwangu vyote viwili vilitoka kwenye dirisha moja la mshahara, na dirisha lile lilikuwa limefungwa.

Basi Simba ikaanza kushinda.

Kombe la CAF lilikuwa shindano jipya, ndiyo kwanza mwaka wake wa pili. Kocha wetu alikuwa Abdallah Kibadeni, yule aliyewafunga Yanga mabao matatu siku ile ya sita bila mwaka 1977. Golini Mohamed Mwameja, kipa mrefu mwenye mikono ya kutandika. Kulikuwa na George Masatu, Hussein Marsha, Malota Soma, Edward Chumila na wenzao, vijana ambao ungeweza kukutana nao Kariakoo wakinunua viatu. Tulipowatoa El Harrach wa Algeria, watu wakaanza kuulizana kama wanasikia vizuri. Tulipowatoa Aviação wa Angola nusu fainali, hakuna aliyeuliza tena.

Mechi za ugenini tulizifuata kwa redio. Televisheni Tanzania Bara haikuwapo bado, ilikuwa RTD na zile sauti tulizozijua kama za ndugu zetu, kina Ahmed Jongo na Charles Hilary. Redio yangu ilikula betri nne kubwa, na betri mpya zilikuwa nje ya uwezo wa mtu asiye na mshahara. Asubuhi ya mechi nilizitoa, nikazipanga juu ya bati la choo zipigwe jua, mke wangu akizigeuza kila alipopita kama mtu anayeanika dagaa. Zikipata joto la kutosha zilitupa dakika sitini, pengine sabini. Dakika za mwisho sauti ilizama, tukawa tumebandika masikio kwenye mbao, watu sita, vichwa vinagusana.

Sasa nieleze kilichonipata, kwa kuwa nadhani hakikunipata peke yangu. Wenzangu wa kiwandani walikuwa wameunda kamati ya kufuatilia mafao. Mwezi Aprili na Mei nilikwenda nao kila walipokwenda. Tulipanga foleni kwenye korido za ofisi, tukaambiwa faili limepanda ghorofa ya juu, wiki inayofuata tukaambiwa limeshuka. Nilirudi nyumbani na hasira inayonizuia kula. Lakini kila raundi Simba ilipopita, hasira ile ilipungua kidogo. Nilianza kusema, "Hii wiki siendi, tuna mechi." Kisha nikasema nitakwenda baada ya mechi ya marudiano. Nilikuwa na madai halali dhidi ya nchi yangu, na bila kujua nilikuwa nimeyahamisha, nimewakabidhi vijana kumi na mmoja wenye jezi nyekundu wanilipe wao. Walipofunga nilihisi nimelipwa. Naapa ndivyo nilivyohisi, mwili mzima, kama mtu aliyesaini na kuhesabu noti zake.

Habari ya suluhu ya mechi ya kwanza ya fainali kule Abidjan ilipotufikia, kijiwe kilisimama. Bila kufungana ugenini! Ilibaki kushinda nyumbani tu, hata kwa bao moja. Wale waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya Tanganyika walikumbatiana. Ilivuma kwamba wachezaji wakishinda kila mmoja atapewa gari, na hatukuona kijicho. Wakubwa ambao miezi yote ile hatukusikia kauli yao juu ya watu waliopunguzwa, wakawa na kauli juu ya Simba: ni timu ya taifa zima, ni heshima ya Watanzania wote. Nilifurahi walipoyasema. Leo yananiuma, kwa sababu heshima ya Watanzania wote ilikuwa na sehemu nyingine nyingi za kuanzia.

Kamati ya mafao ikapanga kikao siku hiyohiyo ya fainali, saa nane mchana, kwenye darasa la shule ya msingi. Hawakuwa na ukaidi. Jumatatu yake ndiyo walipangiwa kuonana na ofisa, na darasa lilipatikana siku ile tu. Walitaka barua moja yenye sahihi za watu wengi.

Baba mwenye nyumba wetu alikuwa Yanga wa kadi, mzee wa Kizaramo aliyefanya kazi bandarini tangu enzi ya Mwingereza. Nilikuwa nadaiwa naye kodi ya miezi mitatu. Nilipotoka na bendera yangu alikuwa kibarazani, akanitania, "Leo mimi kwetu Abidjan." Kisha akaniita nirudi. Akasema, "Baba, usiku wa uhuru nilikuwa ndani ya uwanja huo. Bendera ya Mwingereza iliposhuka taa zilizimwa, zikawashwa yetu iko juu. Nililia. Nilidhani mambo yamekwisha." Aliposema "yamekwisha" alimaanisha shida. Nikamjibu, "Mzee, leo ndiyo yanakwisha." Akanitazama tu.

Jukwaa la mzunguko lilijaa tangu asubuhi. Wenye mdundiko walikuwa nyuma yetu, ngoma inaingia mgongoni. Muuza lambalamba alipita na sanduku begani, watu wanapokezana hela mkono kwa mkono hadi zimfikie, na lambalamba inarudi hivyohivyo ikiwa imeyeyuka nusu. Hakuna aliyeibiwa hata senti, na hilo nalitaja kwa sababu ndivyo tulivyokuwa siku ile. Mbele yetu, ng'ambo ya uwanja, jukwaa kuu lilikuwa na kivuli. Rais Mwinyi ndiye aliyekuwa mgeni rasmi, na wakubwa wengi walikuja.

Niligeuka kutafuta nafasi ya kusimika fimbo yangu, nikamwona fundi mwenzangu wa kiwandani. Kisha mwingine, wa bohari. Nilianza kuhesabu. Walifika kumi na wawili, upande ule wa mzunguko peke yake, na wote tuliitwa saa nane kwenye darasa. Tulipungiana mikono. Hakuna aliyekitaja kikao. Nilitazama tena ng'ambo, kwenye kivuli, nikawaza kwamba watu wenye uwezo wa kuuliza mafaili yetu yako wapi wanatenganishwa nasi na kipande cha majani tu, na sisi tumekuja kuwapigia makofi. Wazo lilikuja na likaondoka, kwa sababu timu zilikuwa zinaingia.

Juu ya mchezo wenyewe sitasema mengi. Wanaojua zaidi wameshausimulia. Stella walicheza kwa utulivu wa watu wasio na haraka ya kwenda popote. Sisi tulikuwa na haraka, wachezaji na watazamaji, kila mpira tuliutaka uwe bao. Boli Zozo akafunga. Tuliendelea kuimba, tukaimba kwa nguvu zaidi, kwa woga. Boli Zozo huyohuyo akafunga la pili.

Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia tena mahali penye watu wengi kiasi kile. Mdundiko ulikatika katikati ya pigo. Nilisikia benchi la Stella wakiitana kwa Kifaransa kutoka ng'ambo ya uwanja, kila neno. Nilisikia mguu wa muuza lambalamba ukishuka ngazi. Mwanamume wa makamo mbele yangu alivua kofia yake ya Simba, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya shati upande wa kifua, akabaki ameishika hapo. Mechi ilikwisha mbili bila. Jukwaa kuu liliondoka kwa magari na ving'ora, na sisi tuliondoka kwa miguu.

Nilikuwa na hasira kuliko siku niliyopewa barua. Niliwatukana vijana wale njia nzima, mimi niliyekuwa nikiwaita wanangu. Mmoja tulimlaumu kwa kukosa, mwingine tukasema amenunuliwa, bila ushahidi wowote, maneno machafu ambayo ninayajutia hadi leo. Walikuwa wameifikisha klabu ya Tanzania fainali ya Afrika kutoka katika nchi ambayo timu zake zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine. Waliopaswa kulaumiwa kwa maisha yangu hawakuwamo katika wale kumi na mmoja.

Kuna maneno ambayo kila Mtanzania anayajua na yanahusishwa na Mzee Mwinyi, kwamba katika soka tumekuwa kichwa cha mwendawazimu, kila anayejifunza kunyoa anakuja kujifunzia kwetu. Tunayarudia kila tukifungwa. Mzee yule alikuwa mtu wa maneno matamu na alipofariki Februari 2024 nilisikitika kama wengi. Lakini msemo wenyewe umenisumbua miaka yote, kwa sababu unatufanya wote tuwe watazamaji, hata aliyepewa kukitunza kichwa. Shirikisho, viwanja, shule, mashirika yaliyolea timu, hayo yana wenyewe, yana saini na bajeti. Anayeshika dola hawezi kukaa mzunguko pamoja nami na kushangaa tumenyolewa.

Mei 2025 Simba ilitinga tena fainali ya Afrika, Kombe la Shirikisho, dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Walitufunga mbili bila kwao, na marudiano yakahamishiwa New Amaan, Zanzibar, kwa sababu CAF hawakukubali yachezwe Uwanja wa Mkapa. Niliangalia sebuleni na kitinda mimba wangu, aliyezaliwa miaka sita baada ya Stella. Ana shahada ya uhasibu na anaendesha bodaboda ya mtu. Siku zile kila bao la klabu zetu Afrika lilikuwa na bei iliyotangazwa, "goli la mama", fedha za Rais. Zilianza na shilingi milioni 5 kwa bao mwaka 2023. Joshua Mutale alipofunga, kijana wangu alipiga goti sakafuni. Ikaisha kwa bao moja kila upande, kombe likaenda Berkane. Akainuka, akalia kwa sauti, akaanza kuwatukana wachezaji mmoja mmoja kwa majina.

Nilimtazama mgongo, jezi imelowa. Nilitaka kumuuliza: baba, na kikao chako wewe ni saa ngapi? Nikashindwa. Mama yake angeuliza.

Jioni ile ya 1993 nilimkuta baba mwenye nyumba palepale kibarazani. Nilikuwa nimejiandaa kwa utani, Yanga wote mjini walikuwa wakishangilia. Yeye alinimiminia kahawa kwenye kikombe chake mwenyewe, akasema, "Kunywa, baba," basi. Kodi hakuitaja, siku ile wala wiki ile.

Ndani, kibatari kilikuwa kimewashwa. Mke wangu aliipokea bendera, akachomoa fimbo, akakaa kitandani kurudishia pindo kwa sindano. Hakuniuliza matokeo, Keko nzima ilikuwa inajua. Alipofika nusu ya pindo akasema, "Walikuja wenzako wawili. Wameacha karatasi, wanaifuata kesho alfajiri."

Ilikuwa juu ya redio. Karatasi ya daftari la shule, imeandikwa kwa mkono mzuri: sisi tuliotajwa hapa chini, tuliokuwa wafanyakazi wa kiwanda, tunaomba kujua. Chini yake namba zilipangwa kutoka 1 hadi 60, mistari imepigwa kwa rula. Majina yalikuwa tisa. Wa tisa alikuwa mlinzi wa getini, aliyenipa barua.

Nilichukua kalamu. Wino ulikataa. Nikaipasha ncha juu ya kibatari, nikaijaribu pembeni ya gazeti, nikaipasha tena. Mke wangu alisimamisha sindano, akaninyooshea kibatari nione vizuri, na mkono wake mwingine ukaishika karatasi isiteleze nilipokuwa ninaandika jina langu kwenye namba 10.